Nafasi Moja Katikati ya Neno

Msangani, Jumamosi 9 Machi 2013

Kwa Abibo, mkalimani mkuu wa Kambi ya Bluu, mla nyama za kopo, ndugu yangu wa ziwa moja,

Salamu nyingi kama mchanga wa Tungue. Mimi mzima, tena nime nenepa, usidhani ni wewe tu. Barua hii anakuletea Zuleica anaye fua nguo zenu hapo kambini. Jibu mpe mkononi, macho usimpe. Kaposwa. Aliye mposa ni mimi, ila mwenyewe hajaambiwa.

Sasa kaa chini. Mto Nakoto umekufa.

Leo sitii chumvi. Mama alikwenda asubuhi kutanda uduvi na bi Latifa. Wakavuta nguo, nzito! Mama akacheka, akasema leo Mungu kafungua mkono. Kuinua, mizoga. Perege matumbo juu, mikizi matumbo juu, mikunga mirefu kama mguu wangu, na mguu wangu unaujua. Na kaa, Abibo. Kaa wa mikoko wamelala chali, miguu imekunjwa kama wanaomba dua. Mimi tangu nizaliwe sijaona kaa kufa mtoni bila kupigwa na mtu.

Maji yana teleza kama sabuni. Mama alitoka miguu inawaka, sasa ngozi ya nyayo inabanduka. Kwenye mizizi ya mikoko kuna ukoko mweupe kama chokaa ya msikiti.

Bi Latifa anasema ni jini kahama. Wazee wanasema ni joto. Mimi ninasema ni nyinyi. Mmekuja kutengeneza barabara ya watu wa gesi, mkapiga kambi juu ya mto, na sasa mto unakufa kuanzia juu. Kwa hiyo mimi, Jamaldine, niliye maliza darasa la sita kwa kishindo, na la saba nikaliacha kwa sababu walimu walichoka na maswali yangu, nimejipa ukaguzi wa mto. Mshahara sina, kofia sina, ila akili ninayo.

Wewe unakula meza moja na yule injinia Narciso anayezunguka na vichupa vya maji. Mwambie. Mama hana wasiwasi. Kila anayemuuliza anamjibu, "Abibo yuko kule, kwa hiyo tuna mtu."

Halafu anauliza: kikohozi chako kimekwisha?

Ni mimi,
Jamaldine, Mkaguzi wa Mto


Kambini, Jumanne 12 Machi 2013

Kwa ndugu yangu Jamaldine,

Salamu zako zimefika. Barua nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza kuunganisha maneno, mara ya pili kuelewa. Bado unakatakata maneno kama mtu anayekata muhogo wa futari! "Nime nenepa." "Anaye fua." Professor Momade alikuchapa bure. Kitendo ni neno moja, pá, huweki nafasi katikati. Mimi nakuelewa kwa sababu nakusoma tangu darasa la pili, nilipokuwa nakuandikia imla na wewe unaninyang'anya maandazi. Mtu mwingine angepotea humo ndani.

Habari ya mto imenisikitisha. Nimemwambia injinia Narciso. Anasema maneno ya mdomo hayana kazi, anataka ushahidi wa maandishi ya mkazi wa hapo. Andika ulichokiona kwa macho yako, siku na saa. Usiniandikie hasira. Mimi nitageuza kwa Kireno, yeye atatia kwenye relatório, ripoti yao, na relatório itakwenda Pemba kwa wakubwa wa mkoa.

Jambo moja anauliza, ni la kujaza fomu tu. Je, huko bado watu wanatumia utupa, ule mti ambao majani yake yakitwangwa yanalevya samaki? Jibu kwa ufupi.

Kikohozi kimekwisha. Msalimie mama, mwambie nyayo azipake mafuta ya nazi, na asiingie tena majini mpaka nimwambie.

Nduguyo,
Abibo


Msangani, Jumamosi 16 Machi 2013

Kwa Abibo, bingwa wa imla, mwizi wa maandazi (usigeuze historia, mwenye maandazi alikuwa mimi),

Ushahidi umeutaka, ushahidi huu hapa. Mwambie injinia akae vizuri kwenye kiti.

Jana Ijumaa nilivaa kanzu na kofia, nikamuaga mama kwamba nakwenda sala. Mungu anisamehe. Nikakata kona kwenye minazi ya mzee Aly, nikaingia mikokoni karibu na kivuko. Adhana imenikuta tope liko magotini, na kanzu ya Idi sasa ina rangi ya pweza. Mama nimemwambia nilianguka. Usimwambie mtu yeyote, hasa Sheikh Buanali.

Watu wote wako msikitini, kijiji kimya, hata kuku hawaulizani. Mara yakaja malori matatu kutoka kwenu, yale yenye tumbo la kuzunguka, ya kukorogea zege. Yakarudi kinyumenyume mpaka ukingoni. Madereva wakatia mipira ya maji ndani ya matumbo, wakasukutua, na yote yaliyotoka, mazito, ya kijivu kama uji wa muhogo, yakaingia Nakoto. Nilihesabu kwa kusoma Yasini moyoni: kabla sijamaliza, matatu yote yamekwisha oshwa. Sala ilipotoka wao wameshaondoka. Alasiri samaki wakaanza kuja juu, wanatweta midomo nje.

Nilitia mkono, kusudi, kwa ajili ya elimu. Mpaka jioni vidole vimekuwa kama mchele ulioroweka.

Na wewe ndugu yangu umekuwa mkubwa kuliko unavyosema! Dereva mmoja alitazama saa akamwambia mwenzake, "Vamos, é hora do Abibo." Saa ya Abibo! Nikavimba kichwa humo matopeni. Mtu wa Msangani ana saa yake kwenye kambi ya wazungu! Ni saa yako ya kula, au ndiyo saa unayo wafundisha lugha?

Kuhusu utupa. Upo mti mmoja, nyuma ya nyumba ya mama, wewe mwenyewe ulikuwa ukimfunga mbuzi pale. Majani mama anaweka ghalani, wadudu wasile mahindi. Zamani bibi zetu walilevya samaki kwenye vidimbwi, kiangazi, maji yakisimama. Wewe ulikula perege wa utupa kumi na mmoja siku ya hitima ya babu na hukufa, ulitapika kwa ulafi tu. Sasa ni masika, mto umejaa pomoni, kuulevya unataka utupa wa mkoa mzima. Tena kila mtoto anajua: kaa hajui utupa. Samaki atalewa, kaa atapita anamcheka.

Kwa hiyo andika hivi, kwa jina langu: uchafu wao wana utupa mtoni Ijumaa saa ya sala, watu wote wakiwa msikitini.

Nimempa Zuleica chupa mbili za maji ya jana. Moja nyingine nimeifunga kwa nta, nimeificha. Mkaguzi mzuri hatoi zote.

Ni mimi,
Jamaldine, mwenye vidole vya mchele


Kambini, Jumanne 19 Machi 2013

Jamaldine,

Barua na chupa nimepata. Nimeshapeleka kunakohusika.

Sasa acha. Usirudi mikokoni. Lile neno ulilolisikia kwa dereva usilirudie kwa mtu, ni utani wa kazini, huwezi kuuelewa. Ijumaa mama asishuke mtoni, wala Jumamosi. Usiniulize kwa nini.

Nina kazi nyingi.

Abibo


Msangani, Jumatano 3 Aprili 2013

Kwa ndugu yangu Abibo,

Barua hii nimeisoma mara nne kabla ya kumpa Zuleica. Kila neno nimelibana kwa kidole nione kama lina ufa. Utaona mwenyewe kwa nini.

Jana ilikuwa reunião, mkutano wa kijiji, ndani ya darasa letu lile lenye bati linalopiga makofi. Alikuja chefe wa posto, mkubwa wa serikali wa hapa, akaja injinia Narciso na relatório. Mimi nilikaa mbele, nimevaa shati la jirani yetu Amido, la kuazima, nikijua leo ndiyo siku yangu. Nilikutafuta ndani ya gari. Wakasema una homa. Basi Kireno kikageuzwa na Professor Momade.

Alisoma vizuri mpaka ukurasa wa pili. Halafu akasimama. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Samaki wa Nakoto wameuawa na wanakijiji wenyewe kwa sumu ya mti. Ushahidi: barua ya mkazi, Jamaldine wa Msangani, anayekiri kwa mkono wake kwamba watu wa huko "têm utupa no rio", wana utupa mtoni, siku ya Ijumaa, na kwamba mti wenyewe uko nyuma ya nyumba ya mama yake. Basi. Malori hayamo. Kaa hawamo. Mkono wangu haumo.

Nikapiga kelele, nikasema sikuandika hivyo! Injinia akatoa fotokopi. Ni mkono wangu, Abibo, na zile herufi zangu zinazolala kama walevi. *Wana utupa mtoni.* Professor Momade akanivuta pembeni, akaniambia taratibu kama mtu anayetoa mwiba, "Mwanangu, ulitaka kusema wanautupa. Wanautupa uchafu. Neno moja. Wewe umeacha nafasi."

Nafasi moja! Pana kama punje ya mtama. Mama yangu ameanguka humo.

Walikwenda nyuma ya nyumba wakaupiga picha mti, kisha wakaung'oa. Mama alikuwa amesimama na upawa mkononi. Chefe amempa mpaka Alhamisi tarehe 11. Siku hiyo kama hakuna neno jipya atapelekwa Palma kushitakiwa kwa kuua mto. Wanawake hawamwiti tena kutanda. Jana jioni alimpelekea bi Latifa mchuzi kama kawaida yao, bi Latifa akaupokea kwa mikono miwili, halafu nikasikia anaumwaga nyuma ya ua. Mama naye alisikia. Akasema labda uliingiwa na nzi.

Kosa ni langu. Uliniambia, sikusikia. Wewe tangu darasa la pili unajua ninavyokata maneno, na nadhani injinia alikuharakisha, au ile homa ilikuwa imeshaanza, ukapitiwa. Basi njoo Alhamisi. Maneno mawili tu: "Huyu mjinga huandika hivi." Nitukane mbele ya watu wote, nitacheka. Nitakupa hata yale maandazi.

Mama anasema usije kama homa haijapungua. Mimi nasema njoo.

Jamaldine


Kambini, Jumanne 9 Aprili 2013

Kwa Bwana Jamaldine,

Nimepokea barua yako ya tarehe 3.

Kazi ya mkalimani ni kugeuza kilichoandikwa. Hageuzi kilichokusudiwa. Iliandikwa "wana utupa", ikageuzwa hivyo hivyo. Relatório imeshatiwa sahihi na siwezi kuigusa. Alhamisi niko kazini.

Nimezungumza na watu hapa. Kuna nafasi ya ulinzi kwenye geti, shati wanatoa, kofia wanatoa. Nimetaja jina lako. Ukikubali itakuwa vizuri usiwe na kesi na kampuni. Kuhusu mama yako, mwambie akiri tu, aseme hakujua, watamwonya na kumwachia. Yeye ni mzee, hawatamfanya kitu. Mimi nina mkataba, na mkataba ukivunjika hakuna wa kunirudisha.

Nakushauri kama mtu anayekutakia mema.

Abibo Saide
Mkalimani


Msangani, Jumamosi 13 Aprili 2013

Kwa Abibo,

Kofia ya geti mpe mwingine. Kichwa changu kikubwa, unakijua.

Barua yako ilifika Jumanne jioni. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma nimekaa, halafu nikatoa zote tatu nikazipanga kwenye mkeka. Nikafanya ukaguzi wa mwisho. Huu sikuhitaji mikoko.

Katika ya kwanza unanicheka, "nime nenepa", "anaye fua", kitendo ni neno moja, mimi nakuelewa. Kwa hiyo unajua kusoma nafasi zangu. Na maneno yangu yalikuwa "uchafu wao wana utupa". Uchafu ulikwenda wapi, mkalimani? Nafasi niliiacha mimi. Uchafu niliuandika, umeufuta wewe.

Katika ya pili unasema Ijumaa mama asishuke mtoni. Ulijuaje ya Ijumaa ijayo? Mimi nilikueleza Ijumaa iliyopita tu. Hapo ndipo "hora do Abibo" ikanigeukia kama nge ndani ya kiatu. Madereva hawajui saa zetu za sala. Nani awaambie kwamba kuna saa moja kwa wiki ambapo Msangani hakuna jicho mtoni? Wakalipa saa hiyo jina la aliyewapa. Na mimi nikavimba kichwa matopeni, nikijivunia jina la ndugu yangu!

Labda mwanzoni walikuuliza tu saa gani watoto hawachezi kivukoni, malori yasije kuwagonga. Mama ndiye anayesema hivyo, anakutafutia udhuru mpaka nachoka. Sawa. Lakini samaki walipokufa ulijua. Ukaogopa saa yako isijulikane, ukatafuta mti wa kuiegemeza, ukaupata nyuma ya nyumba uliyolelewa.

Sasa sikia ya Alhamisi, maana najua hakuna atakayekusimulia vizuri kama mimi.

Darasa lilijaa mpaka madirishani. Mama akaingia na mabeseni mawili kichwani. Mama huyo huyo uliyesema akiri! Akaweka mbele ya chefe, akajaza moja maji ya kisima. Akatia perege wawili wazima kutoka bwawa la juu, na kaa mmoja dume kutoka ng'ambo ya ghuba. Halafu akafungua upande wa nguo, akatoa majani ya mti wake mwenyewe, ule walioung'oa wao, akayatwanga pale pale kwenye kinu cha bi Latifa. Ndiyo, bi Latifa alikileta, anamkwepa macho. Akakamulia ndani.

Tukangoja. Perege wakaanza kulewa, mmoja upande huu, mmoja upande ule, wakaelea. Injinia Narciso akatabasamu, akaandika. Mama akamwambia, "Ngoja, mwanangu, wino haukimbii." Kaa akapanda ukingo wa beseni, akatazama watu kama anatafuta kiti, akashuka, akatembea sakafuni mpaka kwenye kiatu cha chefe. Chefe akaruka! Darasa zima lilicheka, hata askari. Mama akawaosha wale perege, akawabanika kwenye jiko la mkaa mlangoni, akamla mmoja mpaka mifupa. "Huu ndio utupa wetu," akasema. "Unalevya samaki, mtu anakula."

Beseni la pili nikatia maji ya ile chupa niliyoifunga kwa nta. Mama akamshika yule yule kaa, akamweka ndani. Alitaka kupanda. Akateleza. Akataka tena. Chefe hajamaliza soda yake, kaa amekunja miguu. Hapo hakucheka mtu.

Kisha nikasimama mimi. Ili kusema nilichokiona ilibidi niseme nilikuwa wapi saa ya sala, na Sheikh Buanali amekaa safu ya mbele anavuta tasbihi. Nikasema. Tasbihi ikasimama. Nafagia msikiti mwezi mzima, ndani na nje, na choo. Nikasoma barua zako zote tatu kwa sauti, sikuruka neno. Professor Momade akageuza kwa Kireno, akageuza kilichoandikwa na kilichokusudiwa, vyote viwili. Chefe akaomba kuziona. Akakaa na ile ya kwanza muda mrefu, kidole chake kwenye "mimi nakuelewa".

Mama ameachiwa. Jina lake, Awa, limefutwa kwenye karatasi mbele ya watu. Habari ya malori chefe anasema itakwenda juu. Huko juu sijui kuna nani. Nakoto bado unanuka. Jana Ijumaa hayakuja malori, labda wametafuta saa nyingine. Angalau hiyo haitakuwa na jina lako.

Bi Latifa kaja na mchuzi wake. Mama kaupokea, kaula wote. Mimi ningeumwaga.

Basi nilitaka kukuandikia matusi. Ninayo mapya, nimeyatunga nikifagia. Mama akanikataza. Kasema yeye alikunyonyesha miezi saba mama yako alipokuwa kitandani, na maziwa hayarudi titini. Amenituma swali, nami nimeapa kuliandika kama lilivyo: "Mwulize kama homa imepona, na kama huko anapata kula vizuri."

Nimeuliza. La mama limekwisha.

La kwangu ni hili. Katika barua yako umeandika "mama yako". Tangu ujue kusema ulimwita mama tu. Hapo hukukosea, uliweka nafasi ukijua unaiweka.

Jana, baada ya kufagia, nilimwendea Professor Momade na daftari. Nikamwambia kuna neno moja nataka niliandike sawasawa, maana huyu ninayemwandikia ni msomi, anaweza kupotea humo ndani. Nikamtajia. Nikauliza, "Linakatwa wapi?" Alinitazama kidogo. Akasema hilo halikatwi popote, linaandikwa pamoja. Nimelifanyia mazoezi kurasa mbili. Lisome, halina ufa:

Umetutupa.

Jamaldine wa Awa